Pea mbili za ram kwenye mashine moja: uongeze au uuze?

Vijana wanaounga mashine hapa Tanga wana swali lao moja haliishi. Mtu ana kompyuta ya mezani yenye pea moja ya ram DDR5 (kizazi kipya, DDR4 ni cha kabla yake), yaani vipande viwili vya boksi moja, tuseme gigabaiti 16 mara mbili, spidi 6000, madaboadi ina sloti nne na mbili ziko wazi, sasa kwanini asinunue pea nyingine kampuni ileile namba ileile akapata 64 maisha yakaendelea? Muuzaji anamwambia chomeka tu bosi. Mjuaji wa mtaa anamwambia thubutu uone. Mi naona wote wawili wanajibu nusu, kwa sababu DDR4 ina jibu lake na DDR5 ina lake, afu mcheza gemu na mtu anayekata video za harusi hawana shida moja. Ila ukinibana niseme, kwa DDR5 mi nauza ya zamani nanunua pea moja kubwa, na hapohapo sikatai kwamba wale wa upande wa pili, wanaosema ongeza, wana hoja, tena hoja za pesa ambazo sie wa huku mkoani zinatugusa kuliko mtu wa Dar.

Tuanze na ile namba kwenye boksi maana ndo inayochanganya watu. Imeandikwa 6000 lakini ukiichomeka bila kugusa kitu ram nyingi za DDR5 zinaamka na 4800 kwa volti 1.1, ile 6000 inakuja ukiingia kwenye bayosi (mipangilio ya madaboadi) ukawasha XMP au EXPO, yaani profaili ya spidi iliyowekwa na kampuni ya ram, hapo volti inapanda mpaka 1.35 au 1.4. Kwa hiyo hiyo 6000 ni ovakloku, yaani kuisukuma juu ya spidi yake ya kawaida, imebarikiwa na kampuni sawa, lakini ni ovakloku, na kampuni imeipima kwa vipande viwili vilivyotoka pamoja kwenye boksi moja. Hakuna aliyevipima vinne. G.Skill na Corsair wote wanashauri usichanganye pea hata kama namba ya modeli ni moja, na watu wakisikia hivo wanasema ah, biashara hiyo, wanataka tununue upya. Biashara inaweza ikawepo simkatalii mtu, lakini kuna sababu ya kweli pia: chipu zenyewe zinatengenezwa na Samsung, SK Hynix na Micron, na kampuni inayobandika jina lake juu inaweza kubadilisha chipu katikati ya safari bila kubadilisha jina la bidhaa. Corsair angalau wanaandika namba ya vesheni kwenye stika ya ram, unaweza kulinganisha ya zamani na mpya. Pea uliyonunua mwaka juzi na pea ya leo zinaweza kufanana mpaka rangi ya taa halafu ndani kila moja ina ukoo wake.

Na hata ukoo ukiwa mmoja, bado kuna mzigo wenyewe. Madaboadi nyingi za sasa nyaya za ram zinapita kwenye sloti moja zinaendelea mpaka nyingine kwenye chaneli (njia ya data) hiyohiyo, ndo maana kitabu kinakwambia vipande viwili vikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Ukijaza zote nne, mawimbi yanagongana yanarudi nyuma, na anayetakiwa kuyasoma kwa usahihi siyo madaboadi, ni kidhibiti cha ram ambacho kipo ndani ya prosesa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, mtu ananunua madaboadi ya bei kali akijua imemaliza kesi, kumbe prosesa ndo imechoka. AMD wenyewe, watengenezaji wa prosesa za Ryzen, wameandika wazi: Ryzen 7000 na vipande viwili wanakuhakikishia 5200, na vipande vinne wanakuhakikishia 3600. Ryzen 9000 viwili imepanda 5600, vinne bado ni 3600 ileile. Juu ya hapo ni bahati ya prosesa yako. Bajaji ukipakia watu sita itafika stendi ya Kange, ila usiniambie ilifika kwa mwendo uleule.

Sasa piga hesabu kidogo. DDR5 6000 chaneli mbili inabeba kinadharia gigabaiti 96 kwa sekunde. Ikishuka 3600 inabeba 57.6. Na ile DDR4 3200 ambayo watu wanaidharau siku hizi inabeba 51.2. Yaani umelipia jukwaa jipya zima, madaboadi mpya, prosesa mpya, ram mpya, halafu umeongeza pea ya pili ukarudi karibu na pale ulipohama. Hii ndo hoja kubwa ya wanaosema usichanganye na mi naikubali karibu yote, hasa kwa mcheza gemu, maana gemu nyingi 32 inazitosha na kinachompa fremu ni spidi na latensi, yaani ram inachelewa kiasi gani kujibu, siyo ujazo unaokaa bure.

Lakini njoo upande wa pili. Jamaa anayehariri harusi, kamera tatu za 4K, na kivinjari kina tabo kibao kwa sababu anashusha miziki na kuongea na wateja palepale, 32 inajaa. Ikijaa, mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na SSD nzuri ya gigabaiti 5 kwa sekunde unayoiona ina kasi, mbele ya hata ile 57.6 ni mtoto, afu kuchelewa kwake kujibu ndo hakuna hata cha kulinganisha. Kwa mtu huyu 64 iliyoshuka spidi inaipiga 32 yenye spidi, bila mjadala, na mtu anayemwambia "utapoteza spidi" anamwambia kitu cha kweli ambacho hakimsaidii. Hivohivo kwa anayejaribu kuendesha modeli za AI nyumbani kwa prosesa, yule ujazo ndo unaamua kama modeli inaingia au haiingii kabisa, japo yeye spidi nayo itamuuma.

Halafu pesa. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za ram zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye mitambo ya AI, Desemba hiyo Micron wakatangaza wanaachana na Crucial, lile jina walilokuwa wanatuuzia sie watu wa kawaida. Kwa hiyo "uza nunua pea kubwa" ni ushauri mtamu mdomoni tu. Unaiuza kwa nani? Tembea Ngamiani barabara zote mpaka Chumbageni, mashine nyingi utakazokutana nazo ni zile za ofisi zilizotumika, OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP, DDR3 na DDR4. Mteja wa DDR5 hapa mjini ni wa kutafuta, utamtafuta Dar, na yeye akijua upo Tanga na una haraka bei anaipanga yeye. Ununuzi nao ni vilevile, pea inatoka Kariakoo inapanda basi, ikifika ikagoma kuelewana na mwenzake kumshawishi muuzaji airudishe ni kazi, maana mashine yako yeye hajaiona na ram yenyewe ikiwa peke yake inafanya kazi vizuri tu. Ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, ni kwa wageni, ram ikishafika imefika. Hapa wote wawili wanaumia, anayeongeza anaogopa mgomo, anayeuza anaogopa hasara, na sioni kama yupo mwenye unafuu wa wazi.

Kuna mambo mawili ya hukuhuku kwetu ambayo huwa hayaingizwi kwenye hesabu. La kwanza umeme. Mashine za AM5, yaani za hizo Ryzen 7000 na 9000, zikiwaka zinafanya mafunzo ya ram, prosesa inajipima namna ya kuongea nayo, na kadiri vipande vinavyoongezeka muda unarefuka, mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa skrini nyeusi mtu akadhani kaunguza. Kuna kipengele kwenye bayosi kinaiambia itumie mafunzo ya mara ya mwisho, ila kwa vipande vinne visivyotulia watu wengine wanalazimika kukizima ndo mashine itulie, maana yake umeme ukikatika ukirudi unasubiri upya. La pili joto. Vipande vinne vimebanana hakuna upenyo, DDR5 ina hadi kidhibiti chake cha umeme juu ya kipande chenyewe, na ram ikipata moto makosa yanaongezeka. Pima usiku wa Julai utafurahi, rudia mchana wa Februari chumba hakina AC uone.

Kwa DDR4 maneno yangu yanageuka kabisa. Kule kuchanganya mara nyingi kunakubali, kwa sababu 3200 ipo ndani ya kiwango rasmi chenyewe, kuna ram za 3200 zinazoamka hivohivo kwa volti 1.2 bila profaili yoyote. Na ukiwa na pea ya 3200 CL16 (CL ni mizunguko ya kusubiri kabla ram haijajibu) ukapata ya 3600 CL18 kwa bei nzuri, zote mbili latensi yake halisi ni nanosekunde 10, ukiziweka zote 3200 kwa taimingi iliyolegea zaidi kati yao hupotezi kitu cha kulilia. Vipande vinne vya renki moja, yaani kila kimoja kina kundi moja tu la chipu, vinaweza hata kukuongezea kidogo kwa sababu prosesa inapata pa kupokezana. Mwenye mashine ya ofisi ndo kabisa, zile kwa kawaida hazina XMP, nyingi zinakwenda 2400 au 2666 kulingana na prosesa, kwa hiyo ukiuziwa ram "ya gemu" yenye bati na taa umenunua pambo, chukua ya kawaida.

Ila iwe DDR4 iwe DDR5, mashine kuwaka siyo ushahidi wa kitu. Ram isiyotulia inaweza ikaanza na skrini ya bluu, sawa hiyo utaiona, mbaya ni ile inayokosea kimyakimya, faili linaandikwa limeharibika na unakuja kujua siku mteja anataka video yake. Watu wanasema DDR5 ina ECC ndani, ile inarekebisha makosa ndani ya chipu tu, njiani kutoka ram kwenda kwa prosesa hailindi. Kwa hiyo weka MemTest86, programu ya kupima ram, kwenye flashi, iache usiku kucha, na kosa moja ni kosa, usijidanganye kwamba ni moja tu.

Na kama umepima ukaona kwako kuongeza pea ndo kunalipa, kwa DDR5 usikimbilie kuwasha EXPO siku ya kwanza. Weka bayosi mpya kwanza, kwa sababu matoleo ya karibuni yamesaidia sana vipande vinne, wapo wanaofika 6000. Acha iwake na spidi yake ya chini, ipime, panda taratibu kwa mkono, na ile volti ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha ram, usiivushe 1.3, AMD waliweka kikomo hicho 2023 baada ya baadhi ya Ryzen 7000 kuungua. Ikikaa 5200 usiku mzima bila kosa iache hapohapo, kilichobaki mpaka 6000 bibi harusi hatakiona.