Tuache kuwafunga vijana na kozi zao

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa ukoo wetu huko Dodoma huanza kuniandikia. "Mjomba, shikamoo. Kozi gani ina ajira?" Wana haki ya kuuliza, maana nyumbani tunaamini kozi ndiyo maisha. Mimi naishi Ohio, Marekani, na kadiri ninavyokaa huku ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kozi haina nguvu yote hiyo. Nguvu iko kwa mwajiri anayekisoma cheti.

Tazameni safari ya kijana wetu. Anamaliza kidato cha nne Kongwa, anapangiwa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Udaktari umeshampita hapo hapo, bado hajaota hata ndevu. Chuoni anakuta Bodi ya Mikopo ina kozi za kipaumbele. Akihitimu, tangazo la kazi linataka shahada ya jina fulani, na la kwake halimo.

Huku vyuo vingi humpokea mwanafunzi kabla hajataja fani. Anasoma masomo mchanganyiko, anaamua kufikia mwisho wa mwaka wa pili, na akighairi anabadilisha. Udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, hata aliyesomea historia huomba, mradi ana biolojia, kemia na fizikia inayotakiwa. Msimamizi wangu kazini alisomea muziki. Leo anaongoza ununuzi, na hakuna anayemuuliza muziki umefikia wapi.

Sisemi huku ni peponi. Ada ni kubwa, anayebadilisha fani akichelewa huongeza mihula, na deni humfuata miaka mingi. Uuguzi na sheria hugusi bila leseni. Sisi wageni ndiyo kabisa: daktari aliyefuzu Tanzania hukalia mitihani ya leseni ya huku, kisha anaingia tena mafunzo ya hospitali, hata kama nyumbani alikuwa anafundisha wengine.

Ila kinachoniuma ni ualimu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, shule za kata zilikuwa zinajengwa kila kona na walimu hawatoshi. Wazee wakasema, soma ualimu, ajira nje nje. Kwa wakati ule walisema kweli. Baadaye ajira za serikali zikabana, wahitimu wakajaa mtaani na vyeti vyao vizuri. Soko lilibadilika wakiwa darasani. Kozi gani ingewakinga?

Binamu yangu ni mmoja wao, alisomea Kiswahili na historia. Sasa ananunua zabibu Hombolo na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, kwa watengeneza mvinyo. Msimu ukifika anapita mashambani na kipima sukari mfukoni. Anaminya punje moja juu ya kioo, anakielekeza kwenye mwanga, anasoma namba, kisha anamgeuzia mwenye shamba naye ajionee. Kama sukari bado iko chini, anamweleza kwa Kigogo, taratibu, kwa nini asubiri na kwa nini mvua ikiwahi itamharibia. Mkulima akimwelewa, mwakani anamwita yeye kwanza. Huo ni ualimu mtupu, na ndio unaomlipia watoto ada.

Bado kwenye vikao vya ukoo anaitwa "yule ambaye hajapata kazi". Wazazi wangu, hilo neno tuliache. Linamvunja mtu mzima moyo mbele ya wanawe.

Na waajiri wa Dodoma, ambako ofisi zimeongezeka sana tangu serikali ihamie, nawaomba jambo moja. Kazi isiyohitaji leseni, kama ya masoko, ununuzi au uhusiano, andikeni mnataka mtu awe anaweza kufanya nini, halafu mpeni jaribio. Leo binamu yangu akiomba uafisa masoko kwenye kampuni ya mvinyo, jina lake litakatwa kwenye mchujo wa kwanza kabla hajaulizwa hata swali moja la zabibu.