Somalia kwenye barafu: timu ya taifa au mradi wa mji mmoja?

Timu ya taifa ya Somalia ya mchezo wa bandi ilishiriki Mashindano ya Dunia kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 2014, huko Irkutsk nchini Urusi, ikapoteza mechi zake zote kwa tofauti kubwa ya mabao. Wapo wanaoichukua rekodi hiyo kuwa ushahidi kwamba timu haikustahili kuwapo pale. Wapo pia wanaosema kwamba matokeo hayana uzito wowote, kwa kuwa lengo halikuwa ushindi. Kauli hii ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inatoka kwa marafiki wa timu.

Bandi huchezwa juu ya barafu yenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa miguu, wachezaji 11 kila upande, kwa fimbo zilizopinda na mpira mdogo, katika vipindi viwili vya dakika 45. Kipa hashiki fimbo. Hulinda kwa mikono na mwili lango lenye upana wa mita 3.5. Vijana waliovaa jezi ya Somalia walikuwa wakazi wa Borlänge, mji wa Sweden walikofikia kama wakimbizi, na hadi mwaka 2013 wengi wao hawakuwa wamewahi kuvaa viatu vya kutelezea. Kocha wao alikuwa Per Fosshaug, nyota wa zamani wa Sweden. Mtoto wa Kiswidi huanza kuteleza akiwa mdogo, hivyo hugeuka na kusimama ghafla bila kuwaza, macho yakiwa kwenye mpira. Anayejifunza akiwa kijana mkubwa hutazama kwanza miguu yake, na kabla hajainua kichwa mpira umekwishapita.

Wakosoaji huuliza: timu hii inawakilisha Somalia ipi, ikiwa nchi yenyewe haina barafu na wazo lilizaliwa Sweden ili kuwakutanisha wageni na wenyeji? Swali ni la haki, lakini halitoshi kuinyima timu bendera. Tangu serikali ya Mogadishu ianguke mwaka 1991, sehemu kubwa ya taifa hilo imeishi nje ya mipaka yake. Comoro nao waliifunga Ghana 3–2 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2022, wakiwa na kikosi ambacho wengi wake walilelewa Ufaransa, na hakuna aliyesema kwamba ushindi ule haukuwa wa Wakomoro. Tofauti ninayoikubali ni kwamba Comoro huteua wachezaji walioshindania nafasi katika klabu mbalimbali, ilhali Somalia ilitegemea vijana wa mji mmoja. Hapo wakosoaji wana hoja nzito.

Hata hivyo, hatuwezi kuupima uzito wa hoja hiyo bila kutazama nani alinufaika. Tangu mashindano ya kwanza ya mwaka 1957, ubingwa wa dunia wa wanaume umechukuliwa na Umoja wa Kisovyeti, Urusi na Sweden, na Finland mara moja tu, mwaka 2004. Mchezo unaotamani kuingia Olimpiki unahitaji bendera nyingi, na bendera ya Afrika ilikuwa na thamani ya pekee. Waliofaidika na bendera hiyo wana deni kwa timu hii: deni la makocha, muda wa mazoezi na mechi za kutosha kati ya mashindano moja na mengine.

Ndiyo maana siwezi kuwakubali wanaosema matokeo si kitu. Daraja B, ngazi ya chini ya Mashindano ya Dunia ambako Somalia ilicheza, lipo kwa ajili ya timu changa, na timu changa hupimwa kwa jinsi pengo linavyopungua kila inapokutana tena na mpinzani yuleyule. Somalia ilirudi mwaka 2015, huko Khabarovsk, na kuanzia hapo ilistahili kuulizwa maswali ya kimichezo kama wengine: ulinzi umepangwaje, nani anafunga, kwa nini pumzi inakata kipindi cha pili. Anayewasifu vijana hawa kwa ukimbizi wao peke yake anawaacha kuwa wageni daima.

Nairobi kuna mfano wa karibu. Wachezaji wa magongo ya barafu wa Ice Lions walijinoa kwa miaka kwenye uwanja mdogo ndani ya hoteli, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Wao msingi wao uko nyumbani. Msingi wa Somalia uko Borlänge, na mustakabali wa timu hiyo utategemea kama watoto wa Kisomali wanaozaliwa huko wanaandikishwa katika klabu za bandi wakiwa na miaka sita, pamoja na wenzao wa Kiswidi.