Mwaka mmoja wa leseni ya kigeni Uingereza: siku 365 za sheria, siku 180 za mtihani

Dereva aliyeshika usukani Mombasa kwa miaka 15 akisimamishwa na polisi Leicester siku ya 370 tangu ahamie, mbele ya sheria hana leseni ya kuendesha gari lile. Wenzake watasema ni uzembe: alipewa mwaka mzima, alikuwa anafanya nini? Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mwaka huo ukiuweka kwenye kalenda na kuuhesabu siku kwa siku, unakuta zaidi kidogo ya nusu yake haitumiki kabisa kwa mtihani wa barabarani.

Kanuni yenyewe ni fupi. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inamruhusu mwenyewe kuendesha gari dogo England, Scotland na Wales kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Muda hauanzi siku aliponunua gari wala alipokata bima, na likizo ya Desemba nyumbani haiurudishi kwenye sifuri. Kile kijitabu cha kibali cha kimataifa ambacho watu hukikata kabla ya safari hakiongezi hata siku moja. Miezi 12 ikiisha, leseni haibadilishwi kwa ya Uingereza, kwa kuwa nchi zetu hazimo kwenye orodha ya nchi zinazokubaliwa. Zimbabwe imo, na Afrika Kusini imo. Kwa hiyo mhudumu wa wazee kutoka Bulawayo analipa pauni 43 na kubadilisha ya kwake, na ana miaka mitano ya kufanya hivyo. Mwenzake wa Kisumu, kwenye zamu ileile, anaanza na leseni ya lena.

Wanaoitetea sheria wanasema mambo mawili ya kweli. Kwanza, Uingereza si kali kuliko majirani. Ujerumani inatoa miezi sita tu. Pili, mtihani unapima tabia ambazo barabara zetu hazikuzijenga. Ni kweli tunaendesha kushoto kama wao, na kwenye kipilefti tunampisha wa kulia kama wao. Lakini tangu Januari 2022 kanuni za barabara za Uingereza zinamtaka dereva anayekata kona kuingia mtaa mdogo ampishe mtembea kwa miguu anayesubiri kuuvuka. Wales nayo, tangu Septemba 2023, kikomo cha kawaida kwenye mitaa ya makazi ni maili 20 kwa saa. Aliyezoea kumpigia honi mtembea kwa miguu ili aharakishe hana budi kujifunza upya. Mtihani huo usifutwe.

Tatizo liko kwenye kalenda. Chukua mtu aliyehamia tarehe 1 Februari. Mtihani wa barabarani una sharti ambalo wengi hawalioni hadi wamechelewa: kwa kawaida uwe umeishi nchini siku zisizopungua 185 ndani ya miezi 12 kabla ya siku ya mtihani. Siku ya 185 kwa mtu huyu ni tarehe 4 Agosti. Ruhusa yake ya kuendesha inaisha 31 Januari. Kuanzia 5 Agosti hadi siku hiyo ni siku 180. Huo ndio mwaka wake halisi, na bado hatujagusa foleni.

Foleni sasa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza mwaka 2025 kwamba wastani wa kusubiri mtihani wa barabarani ulikuwa wiki 22 mwezi Septemba mwaka huo. Februari 2020 ulikuwa wiki 5 hivi. Mfumo wenyewe unaonyesha nafasi za wiki 24 tu mbele. Wiki 22 ni siku 154, na huwezi kupanga mtihani wa barabarani kabla ya kufaulu nadharia, wala nadharia kabla ya kupata lena.

Tuseme mtu wetu amejitahidi kupita kiasi, ameomba lena wiki ya kwanza na kufaulu nadharia mapema Machi. Anapata tarehe 5 Agosti. Akifeli, anapanga tena siku hiyohiyo, na wiki 22 zinamfikisha 6 Januari. Akifeli tena amebakiwa na siku 25, na foleni ni ya miezi mitano. Mitihani miwili basi. Sasa mchukue mtu wa kawaida, ambaye alisubiri hati zake za makazi, akahangaika na nyumba, akafaulu nadharia 15 Aprili. Mtihani wake unaangukia 16 Septemba. Akifeli, unaofuata ni 17 Februari, siku 17 baada ya ruhusa yake kufa. Ana nafasi moja tu. Na wanaofaulu mtihani wa barabarani Uingereza, wenyeji na wageni kwa pamoja, ni chini kidogo ya nusu ya wanaoufanya.

Kwa hesabu hiyo, mtu wa kawaida aliyefuata kila hatua ana karibu nusu ya uwezekano wa kufika siku ya 366 bila leseni, na hata aliyejitahidi kupita kiasi ana karibu robo. Huyo tunamwita mzembe?

Zipo nafasi zinazoachwa na walioghairi, na anayekaa mtandaoni alfajiri huzipata. Tatizo ni kwamba programu za walanguzi zilikuwa zikizinyakua kwanza na kuziuza hadi pauni 500, kwa mtihani ambao ada yake halali siku ya kazi ni pauni 62. Serikali ilitangaza Novemba 2025 kwamba mwanafunzi mwenyewe ndiye atakayepanga mtihani wake, na ni hatua nzuri.

Upande ambao dereva anaweza kujisaidia ni kutopoteza nafasi yake ya pekee kwa makosa ya mazoea. Kwenye nadharia, maswali 50 kwa dakika 57, alama za kufaulu 43, anayesoma kitabu cha kanuni hapati shida. Wazoefu huangukia kwenye video za hatari, ambapo unatazama barabara kwenye skrini na kubofya hatari inapojitokeza. Ziko 14 zenye hatari 15, na unatakiwa alama 44 kati ya 75. Dereva wa miaka 15 huiona hatari mapema mno: anabofya mtoto akiwa bado kando ya barabara, kabla dirisha la alama, yaani muda ambao kubofya kunahesabiwa, halijafunguka, halafu anatulia akiamini amemaliza. Anapata sifuri kwenye video hiyo. Dawa ni kubofya unapoihisi, kisha kubofya tena inapoanza kukua. Ukibofya ovyo mfululizo mfumo unaona unabahatisha na kuifuta video nzima.

Barabarani, mtahini anaruhusu makosa madogo 15, lakini kosa moja kubwa linatosha kukufelisha. Sababu inayoongoza kwa watu kufeli ni kutotazama vya kutosha kwenye makutano. Mzoefu huangalia vioo kwa kona ya jicho, na mtahini asipoona kichwa kikigeuka atahesabu kwamba hukuangalia. Jambo jingine: ukifanya mtihani kwa otomatiki, leseni itakuruhusu otomatiki tu. Kwa wengi waliozoea magari ya Kijapani hilo halina hasara, mradi waajiri wao wasiwe na magari ya gia za mkono.

Siku ya 366 inaonekanaje? Hadi jana yake, mwenye lena aliyeipata ndani ya mwaka aliendesha peke yake bila kibao cha L, kihalali. Leo anatakiwa vibao mbele na nyuma, na kando yake mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliyekaa na leseni kamili kwa miaka mitatu. Mhudumu anayezunguka nyumba nane za wazee kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hana mtu wa kukaa naye garini siku nzima. Akiendesha hivyohivyo, bima yake huenda isimlinde, na kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, gari kuchukuliwa juu yake. Akiacha kuendesha, saa za kazi zinapotea. Kwa aliyekuja kwa viza ya ufadhili, mwajiri akiusitisha, viza yake inaweza kukatwa ibaki siku 60.

Wanaosema sheria haiwezi kunyooshwa wamesahau Ukraine. Mwaka 2023 Uingereza iliongeza muda wa Waukraine waliokuja kwa viza maalumu, kutoka miezi 12 hadi 36. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Kinachotakiwa hapa ni kidogo kuliko hicho: aliyefaulu nadharia na kushika tarehe ya mtihani kabla ya siku ya 365 aendelee kuendesha kwa masharti yaleyale hadi siku ya mtihani huo. Asiyejiandikisha asipewe chochote. Mtihani haulegezwi, na foleni ambayo serikali yenyewe imeshindwa kuifupisha haigeuzwi kuwa kosa la dereva.

Hadi hapo, aliyetua wiki hii aombe lena wiki hii, pauni 34 mtandaoni. Kalendani azungushie siku ya 186, na tarehe ya kwanza ya barabarani aipange mapema iangukie ndani ya wiki mbili baada ya siku hiyo.