Lee Elder hakuanzia Augusta

Ndugu mwandishi, umemtaja marehemu Lee Elder kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters, yale mashindano makubwa ya gofu ya kule Augusta, Marekani, mwaka 1975, ukaishia hapo. Haitoshi! Mwaka 1968 kule Pensacola, Florida, klabu iliyoandaa mashindano ilimfungia mlango yeye na wachezaji wenzake weusi, wakabadilishia nguo kwenye maegesho ya magari. 1974 mzee akatwaa ubingwa wa mashindano yaleyale ya Pensacola, na ndio uliomfikisha Masters. Na Afrika je? 1971 alishinda Nigerian Open, akacheza pia Afrika Kusini kwa sharti kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi. Vijana wetu wa Lubumbashi wanaowabebea wakubwa mifuko ya fimbo za gofu wasimuliwe habari zake, maana naye utotoni alifanya kazi hiyohiyo.