Mkwe, Sato na Korongo

Kule Mombasa daktari alinipima presha, akakitazama kitambi, akaniambia nipunguze mahamri na niongeze kutembea. Kutembea kwangu mimi ni kutoka mlangoni mpaka kwenye tuktuk. Mke wangu, mzaliwa wa Mwanza, akasema, "Twende kwetu ukaone watu wenye afya."

Nikawaona. Shangazi yake, ambaye namwita Mama, anakaa mlimani Kirumba. Nyumba imekalia jabali, na juu ya nyumba kuna jabali jingine ambalo nililichunguza kila usiku kabla ya kufumba macho. Bodaboda hukuteremsha chini na kukutakia heri; kuanzia hapo ni mawe matupu. Mama amepita sabini, anapanda na ndoo ya maji kichwani huku anaongea na simu. Mimi nilipanda na miwani yangu tu, nikafika ulimi nje.

Kilichoniteka ni chakula. Ugali wa muhogo, mlenda, na sato wa chukuchuku: maji, chumvi, nyanya, kitunguu, ndimu, basi. Mtu wa pwani nikawa naitafuta nazi kwa macho, mwisho nikauliza kwa adabu.

"Mkwe, samaki mwenyewe ana mafuta," Mama akasema. "Nazi ya nini tena?"

Asubuhi, mahali pa mahamri pakawekwa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Mkanda ulipolegea tundu moja nikaanza kuhubiri. Aliyenipigia simu kutoka Mombasa kunijulia hali alisomewa fadhila za mlenda mpaka salio lake likaisha.

Mkwe hatumwi sokoni, kwa hiyo nilijituma. Jumamosi alfajiri, kwa miguu, mpaka Mwaloni, kwenye soko ambalo dagaa wake husafirishwa kwa magunia hadi Kongo. Muuzaji akaniapia kwamba sato wake ni mwenyeji halisi wa ziwa hili. Sikumbishia, ingawa sato na sangara wote wawili waliletwa humu miaka ya 1950 na kuwakuta wenyeji, ngege na furu. Mgeni hamsemi mgeni mwenzake.

Katikati ya mlima nilikaa juu ya jiwe kutafuta pumzi, mfuko ubavuni. Nilipoinua macho, alikuwepo: korongo, wale wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, ambao Mwanza hawakosekani penye samaki wala penye taka. Nilivyokuwa nimekaa, tulilingana kimo. Alisimama kimya kama mzee wa kamati anayengoja pilau ya arusi. Miguu yake ilikuwa myeupe. Siku ya kwanza niliusifu weupe ule, mpaka shemeji akanieleza kwamba ni kinyesi chake mwenyewe; jua likizidi hujinyea miguuni ili apoe.

"Shhh!" nikamwambia.

Akauchana mfuko. Nikavuta huku, akavuta kule. Mtu mzima, mkwe wa watu, nang'ang'ania mkia wa samaki na ndege mwenye upara mbele ya watoto wa mtaa mzima! Sato akanichomoka, mdomo ule mrefu ukaelekea mbinguni, na samaki akateremka kooni mzimamzima. Hakutafuna, hakuuliza ndimu. Ndege anayekula mizoga na matumbo ya samaki jalalani, na hajawahi kuambiwa apunguze kitu.

Mama alinipokea nikiwa na kipande cha mfuko mkononi. Hakucheka, mkwe hachekwi. Aliingia jikoni, akafunga mlango, ndipo nikawasikia humo ndani, yeye na mke wangu, wakigonga masufuria.

Nikateremka tena. Niliporudi na sato wa pili, watoto walikuwa wananingoja chini na fimbo.

"Mia tano tu, baba. Tunakulinda mpaka juu."

"Mia tatu."

Mkubwa wao akanikagua kuanzia viatu, akafika kwenye kitambi, akatua hapo.

"Sawa, mia tatu. Lakini kila ukipumzika unaongeza mia."