Bei ya pakiti si bei ya mvutaji

Nimesoma makala inayosema sigara ya Sportsman imeshika soko la Kenya kwa miaka mingi kwa sababu bei yake iko chini ya sigara za matajiri. Sawa, lakini mwandishi ameruka jambo kubwa: wengi wetu mtaani hatununui pakiti. Tunanunua moja moja. Nikiwa darasa la nne baba alikuwa akinituma kibandani nimletee sigara mbili. Mwenye duka alizichomoa kwenye pakiti iliyofunguliwa, akazifunga kwa kipande cha gazeti, nami nikarudi mbio. Kiberiti cha gesi kilining'inia dirishani kwa uzi, mteja awashe hapo hapo.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo, na ikakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10. Mabango yalishuka kweli. Ila kile kiberiti bado kinaning'inia! Anayenunua moja haioni hata ile picha ya onyo kwenye pakiti, na mtoto mwenye pesa ya mandazi anaimudu. Serikali ikipandisha ushuru bila kugusa vibanda, itakuwa imeacha mlango wazi kwa watoto wetu.