Siku ya Kwanza Melini, Nimejifunga Kanga ya Mama Mkwe

Kuna jamaa tunafanya naye kazi hapa Houston, mtu wa meli za kitalii tangu zamani. Aliposikia nimekata tiketi za meli kutoka bandari ya Galveston kwenda kisiwa cha Cozumel, Mexico, alinikalisha chini akanipa darasa. Wageni, alisema, huichezea siku ya kwanza. Wanafika bandarini alasiri, wanapanga foleni kwenye bafe, wanakaa chumbani kusubiri mabegi, jua linazama. Na hela ya siku hiyo wameilipa sawasawa na ya siku nyingine! Mjanja anaingia mapema. Begi kubwa analikabidhi kwa wapagazi pale nje, maana hatoliona tena mpaka jioni, na kwenye begi la mkononi anaweka pasipoti, dawa na nguo ya kuogelea. Vyumba vikiwa bado vinasafishwa, wenzake wakizubaa, yeye yumo bwawani.

Nikaandika yote kwenye simu. Ambacho jamaa hakunifundisha ni namna ya kuyafanya hayo ukiwa umeongozana na mama mkwe.

Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwona bintiye. Visa yake ya Marekani ilikuwa ya kuingia mara nyingi, na Mexico humpokea mwenye visa hai ya Marekani bila kumdai ya kwao, kwa hiyo mke wangu akasema, "Tunakwenda na mama." Haukuwa mjadala. Sasa, mwanamume aliyeoa Tanga anajua kwamba mbele ya mama mkwe mtu hujiweka: hupayuki, huli huku unatembea, na mapaja yako hayajulikani yakoje. Mimi mpango wangu mzima wa siku ya kwanza ulikuwa umesimama juu ya bukta.

Tulishika barabara ya 45 asubuhi, kilomita 80 hivi mpaka kuvuka daraja la kuingia kisiwa cha Galveston. Bandarini wapagazi wakabeba mabegi. Mama alilisindikiza begi langu kwa macho mpaka likapotea, wakati la kwake hakuligeukia hata kidogo. Nikasema moyoni, huyu mama ananipenda.

Saa tano na nusu tulikuwa ndani. Kwenye bafe mama alimsimamisha mhudumu na kumhoji sufuria moja baada ya nyingine, ipi ina nguruwe na ipi haina. Kijana yule, Mwindonesia, akamjibu kwa "Assalamu alaikum, Mama." Kuanzia hapo mama alikuwa na mtu wake melini, na mimi na mke wangu tukawa watu wa kufuatana naye tu. Nilipokuwa nasubiri waagane, mtoto mmoja akanipamia na koni yake ya aiskrimu ya chokoleti. Suruali yangu ya kaki, niliyoinunua makusudi kwa safari, ikachafuka kuanzia mfukoni hadi gotini.

Kisha likaja zoezi la dharura. Siku hizi wamelirahisisha: unatazama video kwenye simu, unakwenda kwenye kituo chako cha kukusanyikia, wanapitisha kadi yako kwenye mashine, basi. Abiria wengi walifika pale glasi mkononi. Mama hakuutaka urahisi huo. Aliomba aonyeshwe jaketi la kuokolea linavyofungwa, akaomba aonyeshwe tena, akalivaa yeye mwenyewe, akauliza boti letu ni lipi na litashushwa na nani. Ishara ya hatari ni honi saba fupi na moja ndefu, aliirudia njia nzima kwenda kwenye lifti, "Saba fupi, moja ndefu. Saba fupi, moja ndefu."

Sikumcheka kwa hilo. Spice Islander ilipozama usiku ule wa Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, mama alizunguka kwenye matanga ya watu anaowajua. Na hao wenye meli zao kubwa nao walifunzwa kwa machungu: Januari 2012 Costa Concordia ilipogonga mwamba kule Italia wakafa watu 32, abiria waliokuwa wamepandia Civitavecchia jioni ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi lao. Sasa hivi linafanywa kabla meli haijaondoka, au papo hapo inapoondoka.

Mama alipotosheka, nikapata mwanya wangu. Nikajifungia chooni karibu na bwawa, nikavaa bukta, suruali yenye chokoleti nikaisokomeza kwenye begi la mkononi, begi nikampa mke wangu. Saa saba na nusu vyumba vikafunguliwa, wao wakashuka. Vyumba vyetu vilikuwa ghorofa ya nane, mlango kwa mlango, vyote vina roshani ya kutazama bahari. Mimi nikabaki majini. Jamaa wa kazini hakuwa mwongo! Bwawa zima tulikuwa mimi na wazee wawili wa Kimarekani, na mmoja alikuwa amelala.

Saa kumi meli ikang'oa nanga. Nikasimama ukingoni na taulo begani kuangalia tunavyoiacha Galveston. Upande wa kisiwa cha Pelican kuna gofu la SS Selma, meli ya zege. Ndiyo, zege. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia chuma kiliadimika, wakajaribu kuunda meli kwa zege na nondo. Hiyo iliingia majini mwaka 1919, na 1922 wakaizamisha hapo hapo, bado inachungulia. Nikashukuru mama yupo chumbani. Mtu ambaye mchana kutwa amehesabu honi saba hahitaji kuonyeshwa meli ya zege.

Nilishuka nikiwa na hesabu zangu: mke wangu atanifungulia, nitaingia kimyakimya, nivae suruali, ndipo nikamsalimie mama. Kadi ya kufungulia sikuwa nayo, ilikuwa kwenye suruali. Nikagonga. Mlango ukafunguliwa na mama.

Mke wangu alikuwa amekwenda kutembezwa spa. Siku ya kwanza hutembeza watu bure, na jambo hilo lilikuwa kwenye orodha yangu mwenyewe, nililiandika mimi. Mama amekuja kumshikia chumba.

Mama alitazama dari. Mimi nilitazama zulia. Maji yalikuwa yananichuruzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Suruali yako nimeifua. Ipo nje, inapata jua."

Mfukoni alikuwa ametoa chenji na leso, vimepangwa vizuri juu ya meza. Mfuko mdogo wa nyuma, ule wa kifungo, hakuugusa. Huko ndiko ilikokaa kadi.

Nikatoka kwenye roshani. Suruali hakuna. Kwa mtu aliyekulia Tanga, kuona jua, upepo na ukingo wa kuanikia halafu usianike nguo ni kuikufuru neema. Mama alikuwa ameianika tukiwa bado bandarini, mahali ambapo upepo ni wa kawaida. Meli ikishatoka nje ya mlango wa bahari upepo unakuwa wa aina nyingine. Nikainama kuchungulia. Ghorofa tatu chini yetu yananing'inia maboti ya uokozi, mapaa yake ya rangi ya chungwa. Juu ya mojawapo suruali yangu ilikuwa imetanda, miguu imeachana, kama mtu aliyelala chali anaota jua. Abiria wa roshani za jirani walikuwa wanaipiga picha.

Mama akaja akasimama kando yangu, akachungulia kwa muda.

"Ndilo boti letu lile," akasema. "Basi yenyewe imetutangulia."

Simu ya chumbani ikalia. Mtu wa usalama ananiomba nishuke ghorofa ya chini kabisa. Begi langu limezuiliwa kwa kuwa lina vitu visivyoruhusiwa. Nikamwambia mama kwamba hapa pana kosa, mimi nimepakia nguo na viatu tu.

"Aa," mama akasema, akaketi kitandani. "Hiyo itakuwa pasi."

Pasi?

"Pasi, na ile koili ya maji. Langu lilikuwa limejaa, nikaona lako lina nafasi. Chai ya hawa watu haichemki, mwanangu."

Kwenye meli pasi ni haramu, na koili ni haramu kubwa zaidi, kwa ajili ya moto. Vyote viwili vimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Kwa maneno mengine nguo zangu zote zilikuwa kizuizini, suruali yangu pekee ilikuwa juu ya boti, na nimesimama mbele ya mkwe nikiwa na fulana na bukta mbichi, nikitakiwa nikaonane na wakubwa. Nikasema nitamsubiri mke wangu. Mama akaniangalia ninavyotetemeka kwa kiyoyozi, akafungua mkoba, akatoa kanga.

"Jifunge. Nani anakujua huku?"

Nilijifunga. Unaikataaje kanga ya mama mkwe? Ilikuwa nyekundu na nyeupe, mpya, na maandishi yakaniangukia sawasawa nyuma: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Kwenye lifti walikuwemo watu waliojaa furaha ya siku ya kwanza. Bibi mmoja wa Texas akaniambia nimependeza, akataka kujua duka lipo ghorofa ya ngapi. Nikaanza kujiona salama. Ghorofa ya tano mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mmoja na mumewe Mmarekani, akasimama nyuma yangu, na nikasikia sauti ya Mombasa inasoma polepole, neno kwa neno. Melini tupo maelfu, na mtu mmoja anayejua kusoma kanga anaingia lifti yangu.

"Kaka," akasema, "hiyo leso ni ya nani?"

"Ya mama mkwe."

Hakunijibu. Aliegemea ukuta wa lifti akaanza kucheka, akashuka chini taratibu mpaka akachuchumaa. Mumewe akawa anamuuliza kuna nini, kuna nini, na yeye anampungia mkono asubiri.

Huko chini kulikuwa na foleni ya watu waliozuiliwa mabegi, na niseme kweli, ni mahali pa kupendeza kuliko hata bwawa. Wote tumeumbuka pamoja, hakuna wa kujikweza. Mbele yangu mzee wa kofia pana alikuwa amekuja kwa ajili ya waya wa kuunganishia umeme. Mama mmoja alileta mishumaa ya sherehe ya kuzaliwa. Kijana mmoja alikuwa na chupa kubwa ya dawa ya kusukutua mdomo, ya kijani; ofisa akaifungua, akainusa, akamtazama kijana, akaandika. Kijana wala hakubisha.

Zamu yangu ikafika. Pasi ya mama ilikuwa juu ya meza, na koili kando yake.

"Ni zako hizi?"

Nikasema ni zangu. Ningefanyaje?

"Kadi yako tafadhali."

"Ipo kwenye suruali."

Ofisa akaitazama kanga, kisha akanitazama usoni. "Na suruali iko wapi?"

"Juu ya boti la uokozi."

Foleni yote nyuma ikanyamaza. Ofisa akaweka kalamu chini, akachukua redio yake, akasema maneno machache, na kutoka upande wa pili nikasikia mtu anashusha pumzi. Kumbe walikuwa wananitafuta. Abiria walikuwa wamepiga simu kuripoti suruali, na kazi ya watu wa usalama kwa saa ile ilikuwa kuhakikisha kwamba haikuondoka kwenye roshani ikiwa na mtu ndani. Nikapewa onyo la kuanika nguo nje, nikapewa stakabadhi ya pasi na koili, tutavichukua siku ya mwisho, nikaelekezwa kaunta ya kutengenezewa kadi nyingine. Huko nako foleni. Mke wangu akatokea anatoka spa, uso unang'aa mafuta. Alinipita kabisa, akafika mbele, akasimama, akageuka.

"Hiyo si kanga ya mama?"

Wakati wa chakula cha usiku nilikuwa na suruali ya haja, imetoka begini, na nilikaa nayo kwa heshima zote. Yule kijana Mwindonesia alipita makusudi mezani kwetu kumsalimia mama, akamuuliza kwa upole kama nguo imekauka.

Asubuhi yake baharia mmoja aliileta ikiwa kwenye mfuko wa nailoni, kadi bado imo mfukoni. Ilikuwa na chumvi, ilikuwa na grisi ya mnyororo wa boti, na ilikuwa imekunjamana mpaka huwezi kujua mguu upi ni upi. Mama akaipokea kabla yangu, akaishika kiunoni, akaikung'uta, akaigeuza huku na huku.

"Chokoleti imetoka," akasema. "Ilikuwa inataka pasi tu."